NAFSI ISEMAYO "SIWEZI"

 

Ndugu zangu Waislamu, kuna neno moja ambalo hulisikia mara nyingi baada ya kwisha darsa, vitabu vinapofungwa na kahawa inapoanza kuzungushwa. Huja mtu akaketi karibu, akaishusha sauti yake, akasema: "Shekhe, najua kwamba nifanyalo si jema, lakini siwezi kuliwacha." Huyu hawezi kuamka kwa sala ya alfajiri. Yule hawezi kukaa alasiri moja bila ya mirungi. Mwengine hawezi kuuzuia ulimi wake anapoghadhibika nyumbani. Mwengine pato lake lamtosha, lakini nusu ya mwezi haimkuti ila amekwisha kukopa kwa simu, na deni la mwezi uliopita hulilipa kwa kukopa jengine. Wala watu hawa si wajinga. Halali waijua, haramu waijua, na lau ungewataka dalili wangekutolea. Hawakuja kuuliza hukumu. Wamekuja na udhuru mkononi, wataka shekhe autie muhuri.

Basi leo nataka tulitazame neno hili kwa makini, tulifungue tuone ndani yake mna nini. Kwani nionavyo mimi, madhara yaliyotufika katika miji yetu kwa sababu ya "siwezi" ni makubwa kuliko ya maasia yenyewe. Mwenye kuasi na huku ajua kuwa ameasi, mlango wa toba u wazi mbele yake. Ama asemaye "siwezi", huyo amejifungia mlango kwa ndani kisha ufunguo akautupa dirishani.

Mola wetu amelikadhibisha neno hili kabla sisi hatujalitamka. Mwisho wa Suratul Baqara ametujulisha kuwa haikalifishi nafsi yoyote ila kwa kadiri ya iwezavyo. Na ukiitazama sheria utaona imemtoa asiyeweza kabla yeye mwenyewe hajaomba kutolewa. Mgonjwa asiyeweza kusimama husali ameketi, na asiyeweza kuketi husali amelala. Msafiri hupunguza sala, na akitaka hufungua. Mkongwe asiyeweza kufunga hulisha maskini. Aliyekosa maji hutayamamu. Kila "siwezi" ya kweli imekwisha kupewa njia yake, imeandikwa katika vitabu vya fiqhi mlango kwa mlango. Sasa wewe uliye mzima wa mwili na akili, ambaye hukupata nafasi katika mlango wowote wa hiyo, "siwezi" yako umeitoa wapi?

Kisha tuiite Ramadhani itoe ushahidi. Mtu huyo huyo aliyeniambia hawezi kukaa alasiri moja pasi na mirungi, nimuonapo Ramadhani, tangu adhana ya alfajiri hata magharibi, saa kumi na tatu na zaidi, haweki kitu kinywani, hata tone la maji. Na jua la Mombasa nyote mwalijua. Mvuta sigara ambaye katika Shaabani hakuweza kungoja sahani iondolewe ndipo awashe, Ramadhani twamkuta barazani mikono i mitupu, asoma juzuu yake. Hapana askari anayemlinda. Angeweza kuingia chumbani, akafunga komeo, akanywa gilasi ya maji, na hapana kiumbe angejua. Hafanyi. Ni nani basi amzuiaye? Hujizuia mwenyewe, kwa taufiki ya Mola wake. Kisha unaandama mwezi, na siku ya Sikukuu kabla ya adhuhuri yuko pale pale, na neno lake ni lile lile: siwezi. Nasi twauliza: uwezo uliokuwapo mwezi ishirini na tisa, umekwenda wapi mwezi mosi? Tumbo ni lile lile, ulimi ni ule ule, na joto ni lile lile.

Nimelifikiri sana jambo hili, na jawabu niliyoiona imo katika jambo dogo ambalo sote tumelisoma chuoni tukiwa watoto kisha hatukulizingatia. Madhehebu yetu ya Imamu Shafii yamesharutisha kwamba niya ya saumu ya faradhi iwekwe usiku, kabla ya alfajiri. Kwa nini usiku? Wanazuoni wana dalili zao za hadithi, nazo zatosha. Lakini tazama na hekima iliyomo. Mwenye kuweka niya usiku amekwisha kuikata kesi kabla njaa haijafika. Saa saba ya mchana, matamanio yanapokuja, hayamkuti kadhi amekaa kitini angoja kusikiliza hoja. Yakuta hukumu imekwisha kutolewa tangu jana na mahakama yamefungwa. Kwa hivyo hayana mtu wa kujadiliana naye. Ama siku zisizokuwa za Ramadhani, kesi hiyo huifungua kila saa. "Leo nitatafuna kidogo tu." "Leo nimechoka." "Leo kuna mgeni." Na nafsi, ndugu zangu, ni wakili hodari, hajapata kushindwa kesi iliyosikilizwa wakati wa njaa.

Hii ndiyo siri ya kuitawala nafsi katika mambo ya kila siku, wala sina siri nyengine ya kuwapa: jambo liamuliwe kabla ya wakati wake kufika. Anayengoja kuamua saa ya matamanio amekwisha kuamuliwa.

Wako watakaosema: "Hiyo ni baraka ya Ramadhani, na mashetani hufungwa." Ni kweli, na hadithi yake ni sahihi. Basi niacheni Ramadhani, nichukue siku ya Jumatatu yoyote katika mwaka. Bwana fulani yuko kazini. Mkubwa wake amemwita, amemkemea mbele ya watu kwa kosa ambalo si lake. Bwana fulani afanyaje? Husimama wima, husema "Ndiyo, mzee", hutabasamu, hutoka. Moyo wamchemka kama sufuria ya mchuzi, lakini ulimi hausemi. Au muuza duka: mnunuzi amemzungusha majora kumi, amemwambia bei yake ni ya wizi, kisha ameondoka hakununua. Muuza duka husema "Karibu tena, mama". Jioni bwana yule arudi kwake, akuta chumvi imezidi katika mchuzi, au mtoto amemwaga uji juu ya mkeka. Hapo ndipo twasikia kishindo hata nyumba ya tatu. Asubuhi ukimuuliza husema: "Mimi nina hasira, hivyo ndivyo nilivyoumbwa, nikikasirika siwezi kujizuia."

Ewe ndugu yangu, jana saa nne ulijizuia! Ulijizuia kwa ajili ya mshahara. Wamuogopa mwenye kukukatia ujira, na mkeo, ambaye ni amana ya Mwenyezi Mungu mikononi mwako, humuogopi kwa sababu hana la kukufanya. Basi usiniambie kuwa huwezi. Uwezo unao; umechagua tu mahali pa kuutumia na mahali pa kuuweka kando. Na katika kuchagua huko ndimo nafsi inamojulikana. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kuwa mwenye nguvu si yule awabwagaye watu kwa mieleka, bali ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa ghadhabu. Wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira. Na katika hadithi aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Abu Dharr, ametufundisha kuwa mwenye kughadhibika naye amesimama na akae, na ikiwa ghadhabu haikumtoka na alale. Tazameni ilivyo nyepesi dawa hii! Hakuambiwa aiondoe ghadhabu moyoni papo hapo, kwani hilo huenda likamshinda. Ameambiwa akae kitako, na hapana mtu mwenye miguu asiyeweza kukaa kitako. Na aliyeketi chini mkono wake haufiki mbali.

Na mabibi pia wasidhani kuwa maneno haya hayawahusu. Bibi ambaye mbele ya mavyaa wake huchagua kila neno kama apimaye dhahabu, kisha akipata simu akawatumia mashoga zake sauti ya dakika tano juu ya huyo huyo mavyaa, naye ameonyesha kuwa uwezo anao.

Imamu Ghazali, Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 1111, sawa na mwaka 505 wa Hijria, alilieleza jambo hili katika Ihya'u Ulumiddin kwa mfano ambao watu wa pwani, kwa kuwa sisi ni watu wa biashara tangu zamani, yatupasa tuufahamu kuliko wengine. Amesema kwa maana kwamba akili ya mtu ni mfanyabiashara katika njia ya akhera, na nafsi yake ni mshirika aliyepewa mali afanyie biashara. Mali yenyewe ni umri. Basi afanyaje mtu mwenye mshirika asiyemuamini sana? Kwanza humpa masharti kabla ya kumkabidhi mali. Kisha humwangalia katika kazi. Kisha humhisabu. Na akimuona amekhini, humtoza na humlaumu. Hivyo ndivyo alivyotaka tufanye na nafsi: asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, mtu akae kitambo na nafsi yake aishurutishe, mchana aiangalie, jioni aihisabu. Seyyidna Umar naye alikwisha kutuusia tuzihisabu nafsi zetu kabla hatujahisabiwa.

Sasa tujiulize. Nani kati yetu mwenye duka, hata liwe la kuuza viberiti na sabuni, anayefunga mlango usiku bila ya kutazama kilichoingia na kilichotoka? Akikosa shilingi khamsini hulala na wasiwasi. Lakini siku nzima ya umri wake hupita, ameitoa yote, na haulizi imekwenda wapi wala imemletea nini. Lau mshirika wa dukani angetufanyia nusu ya khiyana tunayofanyiwa na nafsi, tungelikwisha kumpeleka kwa kadhi.

Sharti hilo la asubuhi liweje? Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu akisikia mawaidha moyo ukamlainika, huamka siku ya pili akaishurutisha nafsi yake mambo kumi: tahajudi kila usiku, juzuu moja kila siku, Jumatatu na Alkhamisi kufunga, mirungi kuacha, sigara kuacha, hasira kuacha. Siku ya tatu amechoka, siku ya saba amerudi alikotoka, na zaidi ya hayo ana hoja mpya: "Nilijaribu, sikuweza." Huo ni mtego wa nafsi yenyewe, imembebesha mzigo mkubwa ili aubwage.

Mtume wetu alituonya na hilo. Aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza, akaambiwa ni kamba ya Zainab, ambaye akichoka katika sala hujishikiza nayo. Akaamrisha ifunguliwe, na akasema kwa maana kwamba mtu asali wakati ana nguvu, na akichoka aketi. Na Abdullah bin Amr bin Al-As alipokuwa kijana alitaka kufunga kila siku na kusimama kila usiku. Mtume alimpunguzia, na yeye kila mara akisema kuwa aweza zaidi, mpaka wakakomea kwenye saumu ya Nabii Daud, kufunga siku moja na kula siku moja. Alipokuwa mkongwe Abdullah alikuwa akisema: laiti ningeikubali ile rukhsa ya Mtume! Wala hakupenda kuacha aliyoachana nayo Mtume. Huyo ni Sahaba, na nguvu zake ni zile. Na Bibi Aisha ametupokelea kuwa amali ipendezayo mno kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ni kidogo.

Basi sharti liwe moja, na liwe dogo, na liwe mahali vita vinapoanzia. Tuchukue alfajiri iwe mfano. Sisi watu wa pwani hii Mwenyezi Mungu ametukirimu. Tuko karibu na mstari wa Ikweta, na adhana ya alfajiri kwetu haiendi mbali na saa kumi na moja, iwe kaskazi au kusi. Ndugu zetu walioko London, katika mwezi wa Juni alfajiri huwajia usiku mkubwa, na isha huwachelewa mno, na bado wako miongoni mwao wanaohudhuria. Sisi tuna usiku wa kutosha mwaka mzima. Kwa nini hatuamki? Kwa sababu vita vya alfajiri havipiganwi alfajiri. Hupiganwa saa tano ya usiku, na hapo sisi huwa tumekwisha kushindwa. Mtu amelala kitandani na simu usoni, aitazama picha hii, na hii, na ile, hata saa saba. Mtume wetu alichukia kulala kabla ya isha na mazungumzo baada yake, na hadithi hii i katika Bukhari kwa Abu Barza. Hapana haja ya kujiapisha kuamka. Ishurutishe nafsi yako jambo moja: ikifika saa nne, simu ibaki sebuleni, nawe uende chumbani. Basi. Huo si mzigo hata kwa mtoto. Na mwenye kulala saa nne, saa kumi na moja amekwisha kupata saa saba za usingizi, na adhana itamkuta yu tayari.

Na mwenye mirungi ni vivyo hivyo. Yeye hudhani vita vyake viko kinywani. Si kweli, viko katika njia aishikayo baada ya sala ya alasiri. Akitoka msikitini akapinda kushoto, kwenye baraza ya hirimu zake na vifurushi vyao vya majani ya migomba, amekwisha. Hapo hata angekuwa na azma ya mlima atatafuna, kwa kuona haya kama si kwa kutaka. Akipinda kulia akaenda kumtazama mamake, alasiri itapita. Basi sharti lake liwe la kupinda kulia. Mtume alimfananisha rafiki mwema na muuza miski na rafiki mbaya na mvukuta viriba vya mhunzi, na huyu wa pili asipokuunguza nguo utapata kwake harufu mbaya.

Na madhali tumeitaja mirungi, nina la kuongeza. Hukumu yake wanazuoni wamekhitalifiana, na Sheikh Ibn Hajar Al-Haitami, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu wa karne ya 16, aliiandikia risala maalumu ya kuwahadharisha watu. Hapa si mahali pa kuirefusha. Ninalotaka ni hili. Mwezi wa Mei mwaka 2024, serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilitoa amri ya kuzuia muguka usiingizwe wala usiuzwe, na baada ya siku chache Mahakama Kuu iliyoko Embu ikazisimamisha amri hizo. Siku zile barazani hapakuwa na mazungumzo mengine. Huyu amlaumu gavana, yule amlaumu hakimu, wa tatu amlaumu mkulima wa bara. Na katika waliolaumu wamo waliokuwa na muguka shavuni! Serikali ina wajibu wake, na mzazi anayetaka mwanawe akingwe ana haki ya kudai. Lakini hakuna mahakama yoyote katika Kenya iliyotoa amri kwamba fulani bin fulani lazima atafune. Mlango wa mji una wenyewe, huenda ukafungwa na huenda ukafunguliwa. Mlango wa kinywa chako mwenye nao ni wewe.

Linganisheni na yaliyotokea Madina. Anas bin Malik ametusimulia kuwa alikuwa akiwanywesha watu ulevi nyumbani kwa Abu Talha, kabla haujaharimishwa. Akapita mwenye kunadi, akatangaza kuwa ulevi umeharimishwa. Abu Talha hakusema "tumalize kilichomo vikombeni". Alimwambia Anas atoke akaumwage, ukamwagwa, ukapita katika vichochoro vya Madina. Walipata wapi nguvu hizi kwa siku moja? Hawakuzipata kwa siku moja. Bibi Aisha ameeleza kuwa yaliyoteremka mwanzo ni yale ya kutaja Pepo na Moto, hata watu walipotulia katika Uislamu ndipo ikateremka halali na haramu. Na lau la kwanza kuteremka lingekuwa ni kuwakataza ulevi, wangesema hawauachi kamwe. Yaani nao wangesema "siwezi". Nafsi zao zililelewa miaka mingi kwa mambo madogo ya kila siku, sala kwa sala, mpaka siku ya jambo kubwa zilipoitwa zikaitika.

Na huyu huyu Abu Talha, imepokewa katika Muwatta ya Imamu Malik kuwa alikuwa akisali katika shamba lake la mitende, akaruka ndege atafuta pa kutokea kwa jinsi miti ilivyosongamana. Likampendeza, akamfuata kwa macho kitambo, aliporejea katika sala yake hakujua amesali rakaa ngapi. Akaenda kwa Mtume akamweleza, na shamba lile akalitoa sadaka. Hii ndiyo ile tozo aliyoitaja Ghazali: mshirika amekhini, ametozwa. Sisi hatutakiwi kutoa shamba, na wengi wetu hatunalo. Lakini aliyemtukana mkewe na atoe shilingi mia mbili kwenye sanduku la mayatima siku ile ile, kabla ya kulala. Mtaona ulimi unavyojifunza hisabu.

Lisilofaa ni kutafuta njia ya mkato. Wako wanaokwenda kuandikiwa kombe kwa zafarani ili waache sigara, wakanywa, kisha wakangoja sigara iwachukie. Qurani iliteremshwa isomwe, ifahamike na ifuatwe. Kama aya iliyooshwa sahanini ingekuwa yatosha, tusingeambiwa katika Suratun Naziat kwamba Pepo ndiyo makazi ya mwenye kuogopa kusimama mbele ya Mola wake akaikataza nafsi yake matamanio. Amesifiwa mwenye kuikataza. Kazi hiyo haina wakala.

Yasalia swali moja ambalo najua mtaniuliza: itachukua muda gani? Mwaka 2010 ilichapishwa utafiti ya wataalamu wa University College London, walioongozwa na bibi aitwaye Phillippa Lally. Waliwafuatilia watu 96, kila mmoja amejichagulia jambo dogo la kulifanya kila siku, mathalan kunywa maji baada ya chakula au kutembea kabla ya kula, ili waone ni baada ya siku ngapi jambo hilo litakuwa mazoea, mtu alifanye bila ya kulazimika kujisukuma. Kiasi cha kati na kati kilikuwa siku 66. Mwepesi kabisa alihitaji siku 18, na mzito ilikisiwa kuwa angehitaji siku 254. Sikuyataja haya ili kuithibitisha dini kwa maneno ya wataalamu, kwani dini haina haja hiyo. Nimeyataja kwa sababu ya hisabu yake. Ramadhani ni siku 29 au 30, haijafika hata nusu ya siku 66. Ukitia na Mfungo Mosi mzima unapata kama siku 59. Kwa hivyo mtu wa kati na kati, aliyeanza jambo Ramadhani, litamkaa katika juma la kwanza la Mfungo Pili. Na sisi twaliacha siku ya Sikukuu! Mjenzi gani amwagaye zege, na kabla halijakauka akaondoa mbao, kisha akashangaa nyumba kuanguka? Sita za Mfungo Mosi alizotusunia Mtume, mwenye kuzifunga na azifunge akijua kuwa ni mbao zile bado zashikilia zege.

Na katika utafiti huo huo walikuta kuwa aliyekosa siku moja mazoea yake hayakuharibika, maadamu alirudi siku ya pili. Mwangalieni basi mtu aliyeamka alfajiri siku kumi na mbili, ya kumi na tatu usingizi ukamchukua. Nafsi humjia asubuhi na sauti ya huruma: "Si nilikwambia huwezi? Pumzika, utaanza tena Ramadhani ijayo." Huyo asiijibu. Akumbukapo tu na atawadhe, aikidhi alfajiri yake, na ikiingia adhuhuri awe katika safu ya kwanza. Na usiku, ikifika saa nne, simu ibaki sebuleni.

Wabillahi taufiki.